Hodi Kwenye Shavu la Refa

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, kitanda cha magurudumu kimeshauacha mlango wa wodi na kinaitafuna korido kuelekea chumba cha upasuaji. Gurudumu moja la mbele linalia kama panya. Juu ya kitanda amelala mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, kofia ya kitambaa kichwani, jicho la kushoto limebandikwa plasta kwa sababu halifumbi lenyewe. Anayesukuma ni mhudumu mnene mwenye haraka zake. Nyuma anakaza mwendo mke wa mgonjwa, ndala za mumewe mkononi, utadhani atashuka njiani azihitaji.

"Kaka, kona hiyo umeikata vibaya," anasema mgonjwa. Maneno yanamvujia upande mmoja wa mdomo. "Ingekuwa uwanjani ningekupa kadi."

"Leo hapa refa si wewe," mhudumu anamjibu bila kupunguza mwendo. "Lala."

Sambamba na kitanda anakwenda muuguzi, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na sita, gauni la kijani, raba nyeupe zilizokwisha visigino. Kiganja chake cha kulia kiko juu ya shavu la kushoto la mgonjwa. Ukimwona utadhani anambembeleza. Hambembelezi. Analisoma shavu.

"Kunja paji la uso," anamwambia. "Kama umeona mchezaji kajiangusha anatafuta penalti."

Nusu ya kulia inajikunja makunyanzi matatu. Nusu ya kushoto inabaki laini kama shuka lililopigwa pasi.

"Jaza hewa mashavuni. Puliza."

Hewa inatokea kushoto, kwa sauti ya aibu. Mgonjwa anacheka, na akicheka uso wote unahamia kulia.

Kwenye mstari mwekundu uliopakwa sakafuni, mahali ambapo ndugu hawaruhusiwi kuvuka, mke anamshika muuguzi mkono.

"Sista, kona ya mdomo bado iko hai. Jana jioni alicheka nikaiona. Ilitikisika. Mwambie daktari asije akaikata."

Muuguzi anamtazama kidogo. "Nitamuuliza mwenyewe," anasema, na mlango unafungwa.

Hapa kazini wanamwita Sista Kiganja. Jina lake la kwenye vyeti linajulikana na watu wa mishahara, basi. Ni muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka ishirini na tisa, na katika hiyo, kumi na tisa amefanya kazi moja ambayo haimo kwenye orodha yoyote ya majukumu: kukaa kwenye kigoda, kuingiza mkono chini ya shuka, kulaza kiganja kwenye shavu la mtu aliyelala usingizi wa dawa, na kungoja licheze.

Sababu yake ni hii. Kila upande wa uso unaendeshwa na mshipa mmoja wa fahamu, neva ya uso. Inatoka kwenye ubongo, inapenya ndani ya mfupa ulio nyuma ya sikio kwenye kijia chembamba kuliko njiti ya kiberiti, kisha inatokeza na kutawanyika shavuni. Ndiyo inayofumba jicho, inayokunja paji, inayoshikisha midomo. Ikikatwa, nusu ya uso inalala.

Mara chache sana, uvimbe huota ndani ya neva yenyewe. Daktari bingwa wa masikio wa hospitali hii, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, anasema katika miaka kumi na minne ya kazi, hapa na kwingine, amekutana nao mara tisa, huyu wa leo akiwemo. Uvimbe wenyewe mara nyingi si saratani. Ubaya wake ni mahali ulipokaa. Kuutoa kunaweza kuiua neva, na kuuacha nako kunaiua, ila polepole.

Basi daktari anapochokonoa mle ndani, anatumia kalamu ndogo ya umeme. Akigusa nyama ya kawaida, hakuna kinachotokea. Akigusa neva iliyo hai, shavu linaruka. Lakini yeye macho yake yako kwenye darubini, na uso wa mgonjwa umefunikwa. Lazima awepo mtu wa kumwambia.

"Mashine ya kusikiliza neva ipo," anasema Sista, akionyesha kwa kidevu kitu kilichofunikwa kitambaa kwenye pembe ya chumba. "Sindano zake ndizo hazipo. Zikija zinatosha miezi miwili, halafu tunarudi kwenye kiganja changu."

Mkono wenyewe ana namna ya kuutunza. Haupitishi kwenye maji ya moto, haufulii, haushikii sufuria jikoni, asije akaota sugu. Ngozi ikiwa ngumu haisikii kitu. Kila siku ya upasuaji anauloweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, maana kidole cha baridi ni kidole kiziwi.

Nyumbani mambo haya yalileta maneno. Mama mkwe wake, alipokuja kukaa nao mwaka wa kwanza wa kazi hiyo, alimaliza wiki nzima akimwangalia mkaza mwana anavyosukuma kazi kwa mkono mmoja, ndipo akamwita mwanawe pembeni: "Huyu umemuoa mzima?" Mume, fundi seremala, ndiye anayefua na kukamua. Hachoki kuueleza mkono huo kwa wageni.

"Wa kulia ni wa serikali," anasema akiwa anaranda ubao uani. "Mimi nilioa wa kushoto. Na huo wenyewe una kofi zito."

Mgonjwa wa leo ni fundi baiskeli siku za kazi na refa wa ligi za mtaani siku za mapumziko. Mtaani kwao hata watoto wake wanamwita Refa. Ugonjwa wake ulianzia uwanjani, mbele ya watu. Katikati ya mechi alipuliza filimbi kuonyesha kuotea, ikatoka pumzi tupu. Akapuliza tena. Mshambuliaji akaendelea na mpira akafunga.

"Wakasema refa anapuliza kama paka anapiga chafya," anasimulia. "Nikadhani filimbi imeingia mchanga. Nimenunua filimbi nne, jamani. Nne. Kumbe mchanga uko kwangu."

Filimbi ilivuja mwanzo, jicho likafuata kwa kuchezacheza lenyewe, hasa akichoka. Kisha chai ikaanza kumchuruzika kidevuni. Katika miaka miwili alipita zahanati na hospitali tano. Majirani walisema alilala dirisha wazi. Mganga wa kwanza alisema ni kupooza uso kwa ghafla, akampa vidonge na kumhakikishia kwamba kitu hicho huondoka chenyewe baada ya wiki chache. Wa tatu alisema kiharusi. Wa tano alirudia vidonge vya wa kwanza.

Kosa hilo ni rahisi kulifanya, na Sista Kiganja hamcheki aliyelifanya. Watu wanaopooza uso kwa ghafla ni wengi. Wenye uvimbe ni wa kuhesabu kwa vidole. Mtu akija na mdomo umekwenda upande, unaandika kile ulichokizoea.

"Ila ule wa ghafla unakuja kama mgeni asiye na taarifa," anaeleza. "Leo mzima, kesho kutwa uso umekwenda, na kwa wengi unaanza kurudi kabla ya miezi michache. Huu mwingine unahamia kwako. Leo analeta mkeka, kesho sufuria. Ukishtuka kashakuwa mwenye nyumba."

Siku Refa alipofika kliniki ya masikio, Sista alikuwa zamu ya kupima watu shinikizo la damu. Alimuuliza swali moja tu: uso ulianza lini kwenda? Refa akasema, mwaka jana. Mke akasema, mwaka juzi. Wakaanza kubishana palepale, huku mpira wa kupimia bado umemkaba mtu mkono.

"Ulikuwa mwaka jana, wakati wa mvua."

"Baba nanii, mwaka juzi kwenye harusi ya mdogo wangu ulikuwa unakunywa soda kwa mrija. Nilikuuliza ukanifokea."

"Sasa mrija ni ugonjwa?"

Sista akawanyamazisha na kumwomba mke alete picha. Si za harusini, maana harusini kila mtu anajitengeneza. Alitaka picha za mpira. Kila fainali refa husimama katikati ya manahodha wawili, mpira chini ya mguu, na nyuma ya picha mtu huandika tarehe.

Mke alirudi baada ya siku tatu na picha saba ndani ya bahasha ya kaki. Zikapangwa mezani kwa mpangilio wa tarehe. Katika ya kwanza, refa anacheka pande zote mbili. Ya pili, ukitazama haraka huoni kitu; ukitazama vizuri, mkunjo unaoshuka kutoka puani kwenda mdomoni upande wa kushoto umefifia. Ya tatu umekwisha. Ya nne nyusi ya kushoto imeshuka. Ya saba haikuhitaji maelezo. Mke alikaa akaitazama hiyo safu, akaweka mkono mdomoni.

"Nimelala na mtu huyu kila siku," alisema. "Sikuona."

Sista alizikusanya picha vilevile zilivyopangwa akaingia nazo kwa daktari bingwa. Daktari alizitazama, akachukua kalamu, akaandika karatasi ya kipimo cha MRI. Picha ya kipimo iliporudi, ndani ya mfupa nyuma ya sikio la kushoto kulikuwa na kitu chenye umbo la punje ya maharage, kimekaa kwenye njia ya neva kama gari lililokwama kwenye uchochoro.

Walipoitwa kuelezwa, daktari bingwa aliwapa njia mbili. Ya kwanza, kuufungua mfupa ili neva ipate nafasi ya kupumua, na kuuacha uvimbe humo humo ukiangaliwa. Hiyo ni ya mtu ambaye neva yake bado inapitisha kitu. Ya pili, kuukata uvimbe pamoja na kipande cha neva, kisha kuziba pengo kwa neva nyingine inayochukuliwa mguuni, nyuma ya muundi. Hiyo ndiyo ya neva iliyokwisha kufa. Uso haurudi kama ulivyokuwa, lakini unarudi kiasi.

"Nitajuaje yangu ni ipi?" Refa aliuliza.

"Tutajua tukiwa mle ndani. Na hatuwezi kuendelea kungoja. Misuli ya uso ikikaa sana bila neva, inasahau kazi. Hapo hata tukikupa neva mpya, haina wa kumtuma."

Refa na mkewe walikubali. Lakini tangu siku hiyo mke akawa analinda ile kona ya mdomo. Alikuwa akimchekesha mumewe makusudi, akimtazama, akihesabu. Aliamini inatikisika.

Saa tatu kasoro, Refa amelala. Sista ameshakaa kwenye kigoda chake, mgongo ukutani, mkono umezama chini ya shuka la kijani mpaka kwenye kiwiko. Kidole gumba kiko chini ya jicho, kidole cha kati kwenye kona ya mdomo, kitako cha kiganja kwenye taya. Atakaa hivyo kwa muda wa saa tano. Hatakunywa chai. Pua ikimwasha, kuna nesi mdogo wa kumkuna, na nesi huyo amezoea.

Daktari bingwa anachonga mfupa. Keekee inalia, inanyamaza, inalia. Saa nne na nusu ananyoosha mgongo.

"Nimeiona neva. Upande wa ubongoni ni nyembamba, halafu inaingia kwenye uvimbe. Tuko tayari, mama?"

"Tayari."

"Hodi," anasema daktari, na kugusa kwa kalamu ya umeme.

Hilo neno la hodi lina historia yake, na Sista huisimulia kwa sauti ya chini.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, alikaa kwenye kigoda hicho hicho, mkono kwenye shavu la mgonjwa mwingine, mwanamke fundi cherehani mwenye uvimbe kwenye tezi ya mate. Siku hizo walikuwa na maneno mawili tu. Shavu likiruka, anasema "imecheza," na daktari anaacha. Lisiporuka, anasema "kimya," na daktari anakata. Daktari wa wakati ule, ambaye ameshahama, aligusa. Kimya. Akagusa tena. Kimya. Akakata.

Kilichokuwa kimetokea ni kwamba dakika chache kabla, mgonjwa alitikisika kidogo, na aliyekuwa zamu ya usingizi akamwongezea dawa ya kulegeza misuli. Hakumwambia mtu. Kwa dawa hiyo shavu haliruki hata ukiligusa kwa umeme wa mtaa mzima. Kile walichokikata kilikuwa neva nzima, haina ugonjwa wowote.

"Mimi sikudanganya," anasema Sista. "Nilisema kile nilichokisikia. Nilisikia kimya. Sikujiuliza ni kimya cha namna gani."

Miezi minne baadaye alikwenda nyumbani kwa fundi cherehani kumweleza. Hakutumwa, na wakubwa wasingependa. Alimkuta kwenye mashine, kitambaa cha kufutia mate kimening'inia begani. Alimaliza kusema yote. Yule mama hakulia. Aliendelea kukanyaga mashine mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi, ndipo akamgeukia.

"Mteja haingii kwangu bila hodi, na mimi nashona vitambaa tu," alimwambia. "Nyie mmeingia usoni mwangu na visu. Hata kuuliza kama kuna mtu macho, hamkuuliza."

Sista alirudi na maneno hayo kama yalivyo. Alikaa na daktari bingwa mpya, huyu wa sasa, alipowasili, akamwambia hatatia tena mkono chini ya shuka bila utaratibu mwingine. Tangu hapo, kabla ya kuamini kimya chochote, wanapiga hodi mahali wanapojua kuna mtu. Shavu likiruka, Sista anajibu "karibu." Lisiporuka, wanakwenda kupiga hodi kwa jirani, yaani upande wa uso usiougua, mbele ya sikio. Jirani naye akinyamaza, basi ni dawa, na hakuna anayegusa kisu.

"Hodi," daktari anarudia.

Chini ya shuka, shavu la Refa limetulia.

"Sina jibu," anasema Sista. "Nenda kwa jirani."

Msaidizi anaingiza kalamu nyingine chini ya shuka, upande wa kulia. Sista amehamisha mkono. Kimya pia.

"Jirani naye kalala," anasema. Kisha, bila kugeuka: "Bwana Usingizi, umempa nini mwenzetu?"

Daktari wa usingizi, mtu wa mizaha anayeitwa hivyo na kila mtu, anakohoa kidogo nyuma ya mashine zake. "Ile ya kulegeza misuli, ya kupitishia mpira kooni tu. Kidogo. Ilitakiwa iwe imeisha saa nzima iliyopita."

"Kidogo chako nakijua. Ndicho ulichotupa kwenye hotuba ya mwaka mpya."

Watu wanacheka chini ya barakoa. Daktari bingwa hacheki. Analaza kalamu kwenye trei. Nje kuna mgonjwa wa pili, mtoto anayengoja upasuaji wa masikio, ambaye hajala tangu jana, na mama yake ameshauliza mara mbili.

"Tungoje," anasema.

Wanangoja. Dakika kumi. Kila baada ya tano, hodi kwa jirani. Dakika ishirini. Nesi anahesabu pamba ambazo tayari zimehesabiwa. Bwana Usingizi hafanyi tena mzaha, anatazama saa ya ukutani kama mtu aliyeichelewesha yeye. Dakika thelathini na tano.

"Mama, mpaka lini?"

"Mpaka jirani aamke, daktari."

Dakika ya thelathini na nane, shavu la kulia linaruka chini ya kiganja kama samaki mdogo.

"Karibu," anasema Sista. Mkono unarudi kushoto. "Sasa kwa mwenyewe."

"Hodi."

Sista anafumba macho. Hapo ndipo penye mtihani wa kazi hii, na haumo kitabuni. Ukibonyeza kidole kwenye ngozi na kungoja sana, kinaanza kugonga. Ni damu yako mwenyewe inayopita kwenye kidole. Mwenye tamaa ya kusikia kitu atakisikia, na ataapa.

"Naongeza kidogo. Hodi."

Kwenye kona ya mdomo, pale pale alipopasema mke, kitu kinagonga. Chepesi. Kinagonga tena.

Sista anamwona akilini yule mwanamke kwenye mstari mwekundu, ndala mkononi. Akisema "karibu," watauacha uvimbe, mfupa utafungwa, na kila mtu ataenda nyumbani na matumaini. Anahesabu moyoni kile kinachogonga. Kisha analegeza kidole, anakiinua upana wa karatasi, anakilaza upya. Kinagonga kwa mwendo ule ule, na daktari hajagusa chochote.

Ni damu ya Sista mwenyewe.

"Hodi," ya tatu.

"Kimya," anasema Sista.

"Una hakika?"

"Jirani yuko macho. Mwenyewe hayupo. Ni kimya."

Daktari bingwa anamuuliza mara tatu, ndiyo kawaida, na mara tatu anapata jibu hilo hilo. Kisha anakata. Uvimbe unatoka pamoja na kipande cha neva kirefu kama nusu ya kidole kidogo. Nyuma ya muundi wa Refa wanachukua neva ndogo ambayo kazi yake ilikuwa kumpa hisia ubavuni mwa mguu, na daktari anaishona kwenye pengo chini ya darubini, kwa uzi ambao ukianguka sakafuni hakuna anayehangaika kuutafuta. Sista anatoa mkono saa nane mchana. Vidole vimekunjamana kama vya mfuaji.

Mke alikuwa amekaa kwenye benchi la korido. Sista ndiye aliyemwendea kwanza, kabla ya daktari kumaliza kuandika.

"Yuko salama. Uvimbe umetoka. Neva imekatwa, akawekewa nyingine."

"Kwa hiyo ile kona..."

"Ile kona ilikuwa inavutwa na upande mzima, mdogo wangu. Akicheka, kulia kunaiburuta. Ukimpenda mtu, ni rahisi kuiona iko hai."

"Ulijua asubuhi?"

"Nilidhani. Sikujua. Ndiyo maana nilisema nitamuuliza mwenyewe, yaani shavu."

Mke alizitazama zile ndala, akaziweka chini ya benchi, moja juu ya nyingine.

"Filimbi atapuliza?"

"Midomo itarudi kushikana, si leo wala mwezi ujao. Mpe mwaka. Na haitakuwa ile ya kwenye picha ya kwanza."

"Ningependa ungeniambia mapema," alisema mke.

"Najua," alisema Sista, akakaa naye kwenye benchi mpaka daktari alipotoka.

Hayo yalikuwa mwaka na miezi minne iliyopita.

Majibu ya maabara yalisema uvimbe wa Refa haukuwa saratani. Kwa miezi saba hakuona mabadiliko yoyote, akaanza kuwatukana wote waliomshauri. Mwezi wa nane shavu lilikaza kidogo. Mwezi wa kumi na mmoja jicho lilifumba, na plasta ikatupwa. Paji la kushoto halikunji mpaka leo na daktari amemwambia halitakunja. Anapotafuna, jicho la kushoto hufumba lenyewe. Ni kawaida kwa neva ya kuazima. Alianza kwa kushika kibendera pembeni mwa uwanja. Sasa anachezesha mechi za vijana wa chini ya miaka kumi na nne. Ubavu wa mguu una ganzi, anasema hausumbui.

Mke wake hamchekeshi tena makusudi ili aitazame kona ya mdomo. Alimkasirikia Sista kwa muda wa miezi kama mitatu, baadaye akaacha. Mtoto wa masikio alifanyiwa upasuaji wake jioni ile ile na amesharudi shule.

Bwana Usingizi sasa anaandika saa na kipimo cha kila dawa ya kulegeza misuli kwenye ubao wa ukutani, kwa herufi kubwa. Daktari bingwa bado yuko, na amekutana na uvimbe wa neva ya uso mara ya kumi. Wa mara hii alikuwa mwanamke ambaye uso wake ulikuwa bado unafanya kazi karibu wote, kwa hiyo hawakumkata. Wanampima kila baada ya miezi sita.

Sindano za mashine ziliwasili mara moja, zikaisha. Fundi cherehani anashona, nusu ya uso wake haijarudi. Sista humpelekea nguo ya kushona kila mwaka. Huwa wanazungumza habari za vitambaa.

Mume wa Sista ameacha useremala kwa sababu ya mgongo. Anaendelea kufua.

Sista Kiganja amebakiza kama miaka mitatu astaafu. Mpango wake ni kuacha nyuma watu wawili wanaoweza kukaa kwenye kigoda, na kila mmoja awe ameshika mashavu thelathini kabla hajaachiwa kigoda moja kwa moja. Amewapata, wauguzi wawili vijana, na kila asubuhi ya upasuaji anawakagua vidole. Wa kwanza ameshika mashavu kumi na mawili. Wa pili, matano tu. Wiki iliyopita huyo wa pili alisimamisha upasuaji kwa dakika kumi na nane kwa sababu hakuwa na hakika na kidole chake. Sista alikuwa likizo, wala hapakuwa na aliyemwagiza.